Mapine ya Jeep Mpya: Safari Yetu ya Kolwezi

Tangu turudi, kila tunapokutana sokoni au mlangoni mwa kanisa, mnatuuliza: “Mlifika salama Kolwezi? Na ile jeep mpya, imerudi nzima?” Tulifika, tukarudi, na jeep ni nzima. Lakini katika safari hii tulijifunza zaidi juu ya mapine kuliko juu ya jeep, na tulijifunza kwa mwenzetu yule anayetembea na fimbo. Tumeona vema tuandike yote. Si kila mama ana motokari yake, lakini kila mama anapanda ya mwingine.

Jeep ilivyofika

Mnamjua mama mweka hazina wetu. Alianza na vitenge sita juu ya kichwa na mtoto mgongoni, akienda Kasumbalesa na kurudi, mwaka juu ya mwaka. Mwaka huu, baada ya kumaliza masomo ya watoto wote, alinunua Land Cruiser 300. Ilipoingia kwenye kartie, tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna ndoa.

Jeep ilikuja na janti za inchi 20, zile za kiwandani. Lakini muuzaji mmoja wa mjini akamshawishi: “Mama, gari ya heshima hii, uivalishe janti za 22. Watu watageuka njiani.” Akamwonyesha magurudumu meusi yenye kung’aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Mama mweka hazina akayapenda. Tusimcheke. Mtu aliyekula vumbi miaka yote hiyo, nani atamkataza kufurahia kitu kizuri?

Mpango ulikuwa kwamba jeep itatupeleka Kolwezi wakati wa vakansi ya Pasaka, watu saba pamoja na papa shofere, kutembelea kundi la wamama wenzetu wa huko. Katika mkutano wa siku ya posho, mwenzetu mwenye fimbo akasimama, akasema: “Mweka hazina, jeep yako ni nzuri na ninakushukuru. Lakini mimi siingii kabla sijaona mapine yake.”

Hakuna aliyecheka. Miaka mitatu iliyopita alikuwa ndani ya bisi iliyopasuka pine la mbele kwenye njia hiihii ya Likasi. Bisi ilipinduka. Yeye alivunjika nyonga, na watu wawili waliokaa kiti cha mbele hawakurudi nyumbani. Fundi aliyekuja kuvuta ile bisi alisoma namba ubavuni mwa pine na kuwaambia kwamba lilikuwa na miaka 13. “Nililiona kabla ya kupanda,” mwenzetu anasema kila mara. “Meno yake yalikuwa marefu, nikadhani ni jipya. Namba zilikuwa pale. Sikujua kuzisoma.”

Kuzunguka magazini na chaki mfukoni

Siku mbili tulizunguka magazini za mapine za Lubumbashi. Sisi tunaofundisha kelasi ya kusoma ya wamama tulichukua chaki, maana maandishi ya pine ni meusi juu ya meusi, macho hayayashiki. Ukipitisha chaki juu yake, herufi zinatoka nyeupe kama kwenye ubao.

Ubavuni mwa pine la jeep tulisoma: 265/55 R20. Namba ya kwanza ni upana wa pine kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wake, yaani ule mpira kati ya janti na ardhi, nao unahesabiwa kwa mia ya upana. Ya mwisho ni kipimo cha janti kwa inchi. Wamama wa kelasi yetu walifanya hesabu palepale juu ya karatasi: 55 kwa mia ya 265 ni karibu milimita 146. Pine la 22 ambalo muuzaji alilisifu liliandikwa 285/45 R22. Ukuta wake: milimita 128. Na pine la 18 ambalo linafaa jeep hiyohiyo, 265/65 R18, ukuta wake ni milimita 172.

Hapo tukaelewa. Gurudumu zima halizidi sana urefu, sababu lazima liingie chini ya bodi ileile. Janti ikikua, mpira unapungua. Na mpira ule, pamoja na upepo ulio ndani, ndio unaopokea shimo kabla shimo halijafika kwenye chuma. Ukuta mfupi unapendeza macho na unashika vizuri njia laini. Lakini njia zetu mnazijua. Kwenye ukingo wa shimo, ukuta mfupi unabanwa kati ya jiwe na janti kama kidole kwenye mlango: nyuzi za ndani zinakatika, au janti inapindika.

Tuliona na mitego mingine, na tunaitaja ili isimkamate mwingine.

Wa kwanza ni mapine ya okasyo yanayotoka Ulaya. Mengi yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake. Ni mapine ya majira ya baridi. Mpira wake umefanywa laini kwa ajili ya barafu. Juu ya lami yetu yenye jua unalika upesi, na breki inahitaji njia ndefu zaidi.

Wa pili ni umri. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna namba 4. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 0811 ni juma la 8 la mwaka wa 2011. Muuzaji mmoja alituletea “mapya kabisa” yaliyofungwa kwenye plastiki. Mwenzetu mwenye fimbo akapiga magoti kwa taabu, akapitisha chaki, akasoma kwa sauti: “Mbili, tatu, moja, nne.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Juma la 23, mwaka wa 2014. Pine hili lingekuwa mtoto, lingekuwa linajua kusoma kuliko mimi.” Muuzaji akaangalia pembeni. Pine lililovuka miaka 5 linahitaji kuangaliwa na fundi kila mwaka. Lililovuka miaka 10 halifai tena, hata kama halijagusa njia.

Wa tatu ni misumari ya janti, zile nati za kulifunga gurudumu. Mmoja alitaka kutuuzia janti za bei nafuu za Land Cruiser 200, akisema ni ndugu mmoja. Ile 200 inafungwa kwa nati 5, hii 300 kwa nati 6. Hesabu tu ilituokoa na hasara.

Mwishowe mama mweka hazina aliamua mwenyewe, na aliamua kama mama mwenye akili ya soko. Hakununua zile za 22. Zile za 20 alizivua na kuziweka nyumbani, akisema: “Hizi ni viatu vyangu vya kisigino. Nitazivaa siku ya ndoa.” Kwa ajili ya njia alinunua janti za 18, kipimo ambacho kiwanda chenyewe kinaweka kwenye baadhi ya Land Cruiser 300, pamoja na mapine ya kuchanganya lami na udongo, yenye herufi A/T. Alinunua matano, si manne. Jeep hii inavutwa na magurudumu yote manne wakati wote, haipendi gurudumu la akiba lenye kipimo tofauti na wenzake.

Lakini moyo wa uzuri haukufa kabisa. Aliongeza vitu viwili vya kulinda janti. Kimoja ni pete ya mpira mwekundu inayobandikwa kuzunguka ukingo wa janti ili isikwaruzwe. Cha pili ni nati za siri, moja kwa kila gurudumu, ambazo hazifunguki bila ufunguo wake maalum, sababu wezi wa magurudumu Lubumbashi hawalali. Nati zile ndizo zilizotufundisha somo kubwa kuliko yote.

Mpaka Lufira

Tuliondoka saa 11 ya asubuhi. Kabla ya kuwasha moto, papa shofere alipima upepo, mapine yakiwa bado baridi, akilinganisha na karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ndiyo saa ya kupima. Pine likishatembea linapata joto na upepo wa ndani unapanda; ukiupunguza wakati huo, kesho asubuhi utakuta umepungua kupita kiasi.

Tuliacha nyuma bomba refu la Gécamines na mlima wake mweusi, kukaanza kupambazuka. Barabara ya Taifa namba 1 ina kama kilomita 120 kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, na nyingine 180 hivi mpaka Kolwezi. Zamani pande zote mbili zilikuwa msitu. Leo ni magunia ya makala yaliyosimamishwa kando ya njia, mtoto mmoja nyuma ya kila safu, na chupa za asali juu ya kijiti. Na makamyo. Yanayokuja mbele yetu yamebeba shaba, yanashuka kwenda Kasumbalesa, kisha Zambia, kisha bandari za mbali. Yanayokwenda nasi yamebeba vitu vya migodi. Lami inazama chini ya uzito wao, kingo zake zinamegeka, na mvua zilizokuwa zinakwisha zilikuwa zimejaza mashimo maji. Shimo lenye maji linafanana na dimbwi dogo. Huwezi kujua kina chake.

Kwenye mto Lufira mwenzetu mwenye fimbo aliomba tusimame. Bisi yao ilianguka mbele kidogo ya daraja. Hakuna alama iliyobaki, majani yameota. Alisimama akiangalia, nasi tulisimama naye. Hakulia. Kisha akageuka, akasema: “Tumetembea zaidi ya kilomita 50. Nati zikazwe.”

Ni kweli. Gurudumu likishafungwa upya, nati zinakaa mahali pake wakati wa kutembea, na baada ya kilomita 50 mpaka 100 inafaa kuzikaza tena, kwa kuvuka toka upande mmoja kwenda mwingine, si kwa kuzunguka. Papa shofere alichukua ufunguo wa gurudumu akazunguka. Yeye alifuata nyuma akihesabu kwa kidole.

“Papa, nimehesabu 20. Magurudumu manne mara sita ni 24.”

“Zile nne ni za siri, mama. Zimefungwa vema, tuziache.”

“Ufunguo wake uko wapi?”

“Uko ndani, mama. Twende, jua linapanda.”

Tukapanda. Sisi wote tulisikia lile swali, na hakuna aliyemwambia papa atuonyeshe huo ufunguo. Tunaliandika hapa kwa aibu.

Dereva wa Tanzania

Likasi, ambayo bibi zetu waliiita Jadotville, tulikunywa chai na vitumbula kando ya soko. Baada ya Likasi njia inakuwa ya makamyo kabisa. Kandokando kumetapakaa vipande vya mapine yaliyopasuka, vimejikunja juani kama ngozi za nyoka.

Karibu na Fungurume tulikuta msururu umesimama. Mbele yetu dereva wa kamyo kutoka Tanzania alikuwa anabadilisha gurudumu. Alitusalimu: “Shikamoo, mama zangu.” Sisi huku hatuna desturi ya salamu hiyo, tukajibu kila mmoja lake, naye akacheka. Yeye anasema tairi, sisi pine. Yeye anasema rimu, sisi janti. Lakini tulielewana neno kwa neno.

Tulimuuliza pine lake limeuawa na nini, jiwe au msumari. Akatikisa kichwa. “Upepo mdogo. Lilikuwa linavuja kidogo kidogo toka mpakani.” Akatueleza kwamba pine lenye upepo mdogo linakunjwa na kunyooshwa kila linapozunguka, na kule kukunjwa kunaleta joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na nyuzi zake. Kila anaposimama anapitisha kiganja karibu na kila pine. Lenye joto kuliko wenzake lina ugonjwa. Tukasema, kumbe ni kama tunavyowafanyia watoto usiku.

Alituambia na jambo la pili, ambalo papa shofere wetu alilikubali: ukiona shimo huwezi kulikwepa, piga breki mapema kabla ya kulifikia, kisha achilia breki wakati gurudumu linaingia. Ukiingia umekanyaga breki, uzito wote wa gari umelala mbele, na pine linapokea pigo mara mbili. Wala usikwepe shimo kwa kuhamia upande wa makamyo. Shimo linakula janti. Kamyo linakula watu.

Njia ya udongo

Baada ya Fungurume tuliacha lami kuingia kijiji kimoja, kumsalimia mama mzazi wa mwenzetu ambaye hajaonana na binti yake miaka miwili. Njia ni udongo mwekundu, mifereji ya mvua katikati, na mawe. Hapo tulibariki ule ukuta wa milimita 172. Jeep ilipita polepole, mapine yakilamba mawe bila kulia.

Zile pete nyekundu, wamama, hazikumaliza kilomita 5. Tope liliingia chini ya gundi, ya kwanza ikabanduka na kuburuzika nyuma kama mkanda wa kanzu. Mama mweka hazina akaishusha mwenyewe, akaikunja, akasema: “Basi, hii itafunga mlango wa mabanda ya kuku.” Kwa mjini, kando ya ukingo wa saruji, pete ile inazuia mikwaruzo. Mbele ya shimo haifanyi kitu.

Tukiwa bado kama kilomita 3 mbali na kijiji, papa shofere alisimama ghafla. Pine la nyuma la kushoto lilikuwa linapiga mluzi. Bulo nene, labda iliyoanguka toka kamyo fulani, ilikuwa imelipenya katikati ya meno. Hatukuogopa, tulikuwa na gurudumu la akiba, jipya, la kipimo kimoja. Papa akafungua nati ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano.

Kwa ile ya sita alitafuta ufunguo wa siri. Akatafuta kwenye kisanduku cha mbele, chini ya viti, ndani ya mfuko wa vyombo. Kisha mama mweka hazina akaketi juu ya jiwe, akashika kichwa. Ufunguo ulikuwa Lubumbashi, kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko. Aliuficha huko ili mwizi asiuone.

Saa 10 ya alasiri, wingu jeusi upande wa magharibi, wamama sita na papa mmoja, gurudumu jipya la akiba liko mikononi mwetu na haliwezi kuvaliwa. Tulikuwa tumesoma kila namba ya lile pine, lakini ufunguo tuliusahau. Na mwenzetu mwenye fimbo, aliyekuwa na haki ya kusema “niliwaambia,” hakusema. Aliomba tu fimbo yake, akaanza kutembea kuelekea kijijini.

Tulimfuata wawili. Kijiji kilitupokea kama kinavyopokea watoto wake. Mama mzazi wa mwenzetu alitoka mbio akiwa na unga mikononi. Na kulikuwa na kijana wa baiskeli, fundi wa kuziba mapine ya pikipiki, mwenye mfuko mdogo begani. Alifika kwenye jeep, akacheka kwa adabu, akasema: “Wamama, hakuna haja ya kufungua gurudumu.” Alisogeza jeep kidogo ili bulo iwe juu, akaing’oa kwa koleo. Upepo ukapiga kelele. Akalisafisha tundu kwa chuma chenye meno, akapitisha uzi wa mpira wenye gundi kwa sindano nene, akakata ncha zake. Kisha zamu kwa zamu tukakanyaga pampu ya mguu mpaka magoti yakatetemeka. Akatema mate juu ya tundu kuona kama kuna povu. Hakuna.

“Hii ni ya kuwafikisha tu,” alisema. “Kolwezi mlivue, lizibwe kwa ndani. Tena msipite mbio.” Na akatufundisha jambo ambalo magazini hawakutuambia: tundu la katikati ya meno linazibika, tundu au uvimbe wa ukutani hauzibiki kamwe, hata fundi akuapie. Pine la namna hiyo ni la kutupa.

Mvua ilikuja, tukalala kijijini. Tulikula bukari na lengalenga na vinkubala vikavu vilivyokaangwa na chumvi. Kijiji hakina umeme. Lakini kutoka mlangoni, mbali juu ya kilima, tuliona taa za mgodi zikiangaza mawingu usiku kucha. Mama mzazi alisema makamyo anayasikia hata akiwa usingizini. Watoto wa hapo wanaokota bulo na vyuma vinavyoanguka njiani, wanauza kwa kilo. Tukafikiri juu ya bulo yetu: labda kama mtoto mmoja angewahi kuipita, tungelala Kolwezi.

Kolwezi

Asubuhi tulivuka Lualaba, mto ambao ukienda mbali kaskazini unageuka kuwa mto Kongo wenyewe. Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu 2015, umezungukwa na mashimo makubwa ya shaba na kobalti, udongo umepangwa ngazi kwa ngazi. Jambo la kwanza tulilofanya, kabla hata ya kuoga, ni kwenda garaji. Fundi alikuwa na vyombo vya kutoa nati za siri bila ufunguo wake. Aliharibu moja, akalivua gurudumu, akalizibia pine kwa ndani, akatuwekea nati ya kawaida. Alisafisha pia tope lililokauka ndani ya janti, maana tope la upande mmoja linafanya usukani utetemeke, na watu wanafikiri gari ni gonjwa.

Wamama wa Kolwezi walitungojea na nyimbo. Tulikuwa tumetayarisha mazungumzo juu ya likelemba na juu ya kelasi za kusoma. Lakini walipotuuliza sababu ya kuchelewa, mwenzetu mwenye fimbo aliomba chaki. Aliwaongoza wote mpaka nje, wamama kama thelathini, wakazunguka gurudumu la nyuma la jeep. Akapitisha chaki juu ya zile namba 4. Akawasimulia Lufira yake, kwa maneno machache. Kisha akawaambia wasome, mmoja mmoja.

Mmoja wao, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuingia kelasi, alisoma namba zote 4 bila kukosea. Anazijua toka kwenye noti na toka kwenye simu. Akauliza: “Basi, hata mimi naweza kukataa bisi?”

“Hata wewe,” mwenzetu alimjibu. “Nauli ni yako. Miguu pia ni yako.”

Tukumbuke

Tulirudi siku ya yenga baada ya ibada, polepole, na kwenye Lufira tukahesabu nati zote. Ufunguo wa siri sasa umefungwa pamoja na ufunguo wa kuwashia, haulali tena na vijiko.

Mama mwenye motokari mpya, au mwenye mtoto au ndugu anayeinunua: chagua pine kwa njia unayopita, si kwa macho ya watu. Ukitaka janti kubwa kwa sherehe, ziweke kwa sherehe. Nunua gurudumu la akiba la kipimo kimoja na mengine. Pima upepo asubuhi. Rudia kukaza nati. Na kabla ya kuondoka, shika kwa mkono wako kriki, ufunguo wa gurudumu na ufunguo wa siri; usiridhike na kuambiwa “uko ndani.”

Na wewe mama usiye na motokari, ambaye ndio wengi wetu: kabla ya kupanda bisi ya safari, zunguka. Soma namba 4. Angalia kama meno yameisha mpaka yamelingana na vile vifundo vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya pine. Papasa ukuta, kama kuna uvimbe au nyuzi zinazoonekana, shuka, subiri bisi nyingine. Shofere atakasirika, abiria watasema unachelewesha watu. Waache waseme.

Siku ya posho ijayo, katika kelasi ya kusoma, tutatoka nje tukasome mapine ya bisi za kituo chetu. Kila mama alete kipande cha chaki.